Kabla ya kuuliza klasi ya amplifaya, pima joto lake

Klasi ni herufi inayoonyesha jinsi transista za amplifaya (vipande vidogo vinavyofungua na kufunga njia ya umeme) zinavyoendesha spika. Iwashe amplifaya, usipige muziki wowote, ngoja nusu saa, kisha sogeza kiganja kwenye chuma chake cha kupozea. Kama hukivumilii kwa sekunde tano, huenda ni klasi A. Kikiwa vuguvugu, AB. Kama hata hujui kuwa imewashwa, D.

Klasi A hula umeme uleule iwe inaimba au imenyamaza. Transista zake hazifungi kamwe, ndiyo maana wimbi la sauti halina mahali pa kukatika. Piga hesabu ya gharama: wati 10 kwenye spika ya omu 8 zinataka kilele cha ampea 1.6 na volti 12.6. Klasi A ya muundo sahili, yenye transista moja ya kuendesha spika, hupitisha ampea hizo 1.6 muda wote, kwenye umeme wa volti 26 hivi. Unachoma wati 41 ili upate 10. Ya kwanza niliyoiunda niliifungia kwenye kabati la milango ya kioo ili wageni waione. Miezi michache baadaye kapasita zake (vikopo vya kuhifadhi chaji ya umeme) zilikuwa zimevimba vichwa.

Klasi B hugawa kazi: transista moja husukuma, nyingine huvuta. Shida ni kwamba kila moja inataka kama volti 0.6 kabla haijafunguka, kwa hiyo wakati wa kupokezana hubaki pengo. Mkwaruzo huo husikika zaidi ukipunguza sauti, si ukiongeza.

AB huziba pengo kwa kuacha mkondo mdogo upite hata kukiwa kimya. Hapa ndipo amplifaya nyingi za zamani huharibika utamu bila kuharibika kabisa, na unaweza kurekebisha mwenyewe. Chomoa spika na nyaya za kuingizia muziki. Zungusha skrubu ya kurekebisha mkondo huo hadi upande wa chini kabisa kabla ya kuwasha (hakikisha ni upande upi, ukikosea, transista zinaungua ukiangalia). Weka mita kwenye milivolti, uguse kwa nyaya zake ncha mbili za rezista ya emita, ile ndogo iliyounganishwa na transista ya kuendesha spika. Ikiwa ni ya omu 0.22, milivolti 22 maana yake miliampea 100. Panda polepole hadi kiwango cha mtengenezaji, acha ipate joto, pima tena. Usizidishe ukidhani unaikaribia A: kupita kiasi huleta mkwaruzo wa aina nyingine, pamoja na joto.

Sasa ule ufanisi wa asilimia 78, yaani sehemu ya umeme inayofika kwenye spika, unaosifiwa kwa klasi B. Ni kweli, lakini sauti ikiwa kwenye kilele tu. Kwenye sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, hata B kamilifu hushuka hadi asilimia 25. Yaani amplifaya ya wati 50 inayotoa wati 5 huvuta 20. Nani husikiliza kwenye kilele nyumbani?

D haijali sana jambo hilo. Transista zake huwaka na kuzima mara laki kadhaa kwa sekunde. Ama zimefunguka kabisa ama zimefunga, ndiyo maana zikifanya kazi ya kutosha hupita asilimia 90. Koili na kapasita huchuja mchakamchaka huo usifike kwenye spika. (Herufi D haimaanishi dijitali, inakuja tu baada ya klasi C.) Kasoro yake iko hapo kwenye kichujio: kwenye chipu rahisi, ukibadilisha spika ya omu 4 kwa ya omu 8, sauti nyembamba hubadilika. Sikiliza matoazi kwa spika zako mwenyewe kabla ya kununua.

G na H ni AB zenye umeme unaopanda muziki unapohitaji. Zinafaa majukwaani.

Kama chanzo chako ni betri, chukua D, usibishane. Sabwufa, spika ya sauti nzito, pia D. Mimi usiku husikiliza chini ya wati moja, kwa hiyo mezani nina A ya wati 10, sasa nje ya kabati, na siku za joto kali naizima.