Jinsi ya Kusikiliza Bendi ya Roki Katika Baa Ndogo

Katika baa ndogo, mahali unaposimama ndipo panapoamua utasikia nini. Kwenye ukumbi mkubwa karibu kila ala hupitishwa kwenye mitambo ya sauti, lakini katika baa dramu husikika zenyewe, magitaa hutoka moja kwa moja kwenye amplifaya zilizo nyuma ya wapigaji, na mara nyingi ni sauti ya mwimbaji pekee inayotegemea spika kubwa za pembeni. Anayejisogeza hadi ukingoni mwa jukwaa huziacha spika hizo zikirusha sauti nyuma yake, hivyo hupata dramu na magitaa kwa wingi huku maneno ya wimbo yakimpita.

Simama mbele kwa nyimbo mbili tatu, kwa sababu kuona vidole vya mpiga besi vikifuata mguu wa mpiga dramu ni raha usiyoipata kwenye rekodi yoyote, kisha rudi nyuma taratibu hadi karibu na meza ya fundi mitambo. Yeye husawazisha sauti kwa masikio yake mwenyewe, kwa hiyo ukiwa karibu naye unasikia karibu kile anachokisikia. Epuka kona na ukuta wa nyuma, ambako besi hurundikana na kufunika kila kitu. Usiihukumu bendi kwa wimbo wa kwanza pia: mitambo ilijaribiwa chumba kikiwa kitupu, na watu wakishajaa, miili na nguo zao hufyonza sehemu ya sauti, hasa ile nyembamba, hata fundi akalazimika kupanga upya.

Linda masikio; kwa hili sina mjadala. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa sauti katika kumbi za burudani usizidi desibeli 100, na katika chumba kidogo dramu na amplifaya huweza kufika huko bila shida. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, huwashauri wafanyakazi wasikae kwenye kiwango hicho zaidi ya dakika 15 kwa siku. Vizibo vya sponji hukinga vizuri, ingawa hufifisha zaidi sauti nyembamba. Vile vya wanamuziki hupunguza sauti zote kwa uwiano, na muziki hubaki na sura yake. Cha sponji kiviringishe kwa vidole hadi kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie hadi kitanuke.

Fika mapema uione bendi ya ufunguzi, na ukiipenda irudie kila inapopiga. The Beatles walipiga karibu mara 300 katika Cavern Club, ukumbi mdogo wa chini ya ardhi mjini Liverpool, kati ya 1961 na 1963, na waliokuwa wakirudi waliisikia bendi hiyo ikikomaa.

Lipa kiingilio bila kuomba upunguziwe, maana aghalabu sehemu yake huenda kwa wapigaji, na ukiweza nunua fulana au rekodi kutoka mikononi mwao. Ukitaka kuzungumza nao, subiri wamalize kuondoa vyombo vyao jukwaani, kwa kuwa bendi inayofuata inaisubiri nafasi hiyo, kisha waulize watapiga tena lini.