Jinsi ya kutoka leba bila kubeba wodi nzima kichwani

Wadogo zangu wakunga mnaoanza kazi leba, yaani wodi ya kujifungulia, hii ni ya wale ambao mtoto akishindikana kuokolewa wanapanda daladala wanalia mpaka konda anaona aibu kudai nauli. Ilinikuta mimi mwaka wa kwanza, msicheke.

Kabla hujavua yunifomu, kaa na faili. Usiende kujihoji kitandani saa nane usiku, huko utajihukumu tu. Chukua patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama, uifuate: mapigo ya mtoto ulisikiliza kila nusu saa au kuna sehemu uliruka? Laini ya akshen, ule mstari wa kuonyesha uchungu umechelewa na inabidi hatua ichukuliwe, ilivukwa saa ngapi na daktari ulimpigia saa ngapi? Mtoto alivyotoka kimya, ile dakika moja ya kwanza ulikuwa umeshashika ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, au bado unaitafuta kabatini? Hapo ndo utaona lipi lako lipi sio lako. Mama kaletwa kizazi kimeshapasuka kwa sababu bodaboda ilikwama kwenye tope, hilo sio lako hata ulie wiki nzima. Ambu haina maski na wewe ulipokea zamu bila kuikagua, hilo lako, liseme hivyohivyo kwenye kikao cha kupitia vifo na usimrushie wa naiti. Kikao kinatakiwa kutafuta kilichoharibika sio mtu wa kumtumbua, ila najua kuna sehemu kinageuka mahakama, kwa hiyo andika kila kitu saa ileile kinapotokea, usingoje asubuhi.

Kuwazoea wamama ni sawa, mshike mkono, msugue mgongo. Namba ya simu usitoe. Na hela ya dawa usiwe unachomoa mfukoni kila siku, utaishiwa mshahara na moyo pamoja, mpeleke ofisi ya ustawi wa jamii, kazi yao hiyo.

Kwa aliyefiwa usikimbilie kujifanya bize na dripu za wengine. Vuta kiti, mwambie "mtoto amefariki", sio "tumempumzisha" maana atauliza ataamka saa ngapi, niliulizwa. Muulize kama anataka kumshika, halafu nyamaza.

Ukikabidhi zamu pitia kitanda kwa kitanda, ukifika kwa huyo aliyefiwa taja jina lake, na umwambie anayekupokea asimlaze katikati ya wanaonyonyesha.