Somo: Kupima kasi ya mkondo wa nyota ya neutroni kwa redio na eksirei

Mkondo ni gesi inayorushwa kwa kasi kubwa kutoka karibu na nyota ya neutroni, yaani kiini kilichobanana sana cha nyota iliyokufa. Usitegemee kuuona mkondo wenyewe. Kwenye picha ya redio mara nyingi ni nukta tu, kwa hiyo tutaufuatilia kwa saa. Mfano wetu ni 4U 1728-34, nyota ya neutroni yenye nyota mwenza, ambao kundi la mwanaastronomia Thomas Russell liliuangalia mwaka 2021 na kuchapisha matokeo mwaka 2024.

Hatua ya 1: Chagua chanzo kinacholipuka. Nyota ya neutroni huinyonya gesi ya nyota mwenza. Gesi inajilundika juu ya uso wake hadi inawaka yote kwa mpigo, kinyuklia, na eksirei zinapanda ghafla kwa sekunde kadhaa. 4U 1728-34 hulipuka kila baada ya saa chache. Ukichagua chanzo kivivu, utakesha bure.

Hatua ya 2: Pata darubini mbili kwa wakati mmoja. Kazi nyingi hufia hapa. Upande wa redio walitumia ATCA, madishi 6 ya mita 22 karibu na Narrabri, Australia. Upande wa eksirei walitumia setilaiti ya INTEGRAL. Setilaiti inayozunguka chini chini huzibwa na Dunia karibu nusu ya kila mzunguko, na mlipuko haumngoji mtu. INTEGRAL ilikuwa ikienda mbali, ikaweza kukodolea sehemu moja kwa saa nyingi.

Hatua ya 3: Rekodi masafa mawili ya redio. Wao walichukua gigahezi 9 na 5.5.

Hatua ya 4: Sawazisha saa. Usiipite haraka. Dunia inapolizunguka Jua, mawimbi huwahi au huchelewa kutufikia, hadi dakika 8 hivi, ukilinganisha na kitovu cha mfumo wa Jua. Ukirekebisha muda wa eksirei na kuuacha wa redio, umeua kipimo chote, maana tofauti tunayoitafuta yenyewe ni ya dakika tu.

Hatua ya 5: Chora na ulinganishe. Katakata data za redio vipande vya dakika chache, chora mwangaza wa kila kipande, kisha tia alama kila mlipuko wa eksirei. Mlipuko huongeza gesi inayoingia kwenye mkondo, kwa hiyo dakika chache baadaye redio inapanda: gigahezi 9 kwanza, 5.5 baadaye. Masafa ya chini hutoka mbali zaidi kwenye mkondo, ambako umeshatanuka na kuyaruhusu yapite. Ni kama basi la Dar lililoonekana Chalinze, kisha Morogoro: ukijua umbali na muda, kasi unayo. Ugumu uko kwenye umbali, kwani unakadiriwa kwa hesabu za mwangaza na umbo la mkondo. Wao walipata 0.38 ya kasi ya mwanga, takriban kilomita 114,000 kwa sekunde.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini tusitumie shimo jeusi? Mikondo yake si inang'aa zaidi?*
Inang'aa zaidi, kweli. Lakini shimo jeusi halina uso wa kulundikia gesi, kwa hiyo halina mlipuko wa aina hii. Tungekosa pa kuanzia kuhesabu.

*Hiyo 4U ni nini?*
Orodha ya nne ya setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa eksirei za angani. Tarakimu zinazofuata ni mahali chanzo kilipo angani.

*Nina darubini ya inchi 8 hapa Arusha. Nitaambulia chochote?*
4U 1728-34 hapana, vumbi la galaksi limeificha. Jaribu Scorpius X-1, nyota nyingine ya neutroni yenye nyota mwenza: usiku usio na mwezi utaiona kama nyota hafifu. Ila huo ni mwanga wa gesi inayoizunguka nyota, si mkondo.

*Na asiye na darubini kabisa?*
Anza na MAXI, kifaa kilichowekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2009. Grafu zake za eksirei ziko wazi mtandaoni. Pakua ya Scorpius X-1, tutaichambua hapa.