Somo: Mfululizo mvivu au rekasheni? (Clojure)

Katika Clojure, lugha ya programu, rekasheni ni fankisheni kujiita yenyewe, na mfululizo mvivu ni orodha ambayo vitu vyake huhesabiwa vinapohitajika. Mfano wetu ni faili la mauzo ya duka la vitenge Kariakoo, mistari 200,000.

Hatua ya 1. Jiulize unatafuta nini. Ukitaka jibu moja, kama jumla ya mauzo, reduce (inayokunja orodha nzima kuwa jibu moja) inatosha, funga kompyuta uwahi daladala. Ukitaka vitu vingi vya kuendelea kuchakata, nenda kwenye mfululizo mvivu: map (kugeuza kila kitu), filter (kuchuja), iterate (kuzalisha kinachofuata kutoka kilichopita).

Hatua ya 2. Ukilazimika kuandika rekasheni, tumia recur, inayojirudia bila kuacha wito mpya. Clojure inakaa juu ya JVM, mashine inayoendesha Java, na fankisheni ikijiita kwa jina lake, kila wito unaacha kiporo kwenye steki, sehemu ya memori inayoshika wito ambazo hazijaisha. Mistari 200 itapita. Kwa 200,000 utakutana na StackOverflowError. Recur lazima iwe tendo la mwisho kabisa. Ukiandika (+ x (recur ...)) kompaila inagoma papo hapo, na mimi nashukuru.

Hatua ya 3. Uvivu una gharama zake. Ni mama ntilie anayepika chapati ukishaagiza. Niliwahi kufungua faili kwa with-open (hulifunga ikimaliza), nikarudisha line-seq (mfululizo mvivu wa mistari) niliyoichuja kwa filter. Nilipokuja kuisoma nje: "Stream closed". Ulikuwa umesomwa mstari wa kwanza tu, iliyobaki naiomba faili limeshafungwa! Maliza hesabu humo humo ndani. Doall, inayolazimisha vyote vihesabiwe hapo hapo, nayo inasaidia, ila kwa faili kubwa inajaza memori.

Maswali

– Dada, nimeweka println (amri ya kuchapisha) ndani ya map juu ya range (mfululizo wa namba), nikachukua kitu kimoja kwa first. Zimechapishwa 32. Uvivu gani huu?

Umeomba chapati moja, kapika 32. Kwenye range na vekta (orodha yenye namba za nafasi) Clojure huchakata kwa mafungu ya 32. Sasa fikiria ingekuwa ni meseji za wateja! Kazi za namna hiyo mpe doseq, inayopita kitu kimoja kimoja na kukitendea kazi.

– Napita folda zilizo ndani ya folda, recur inanikatalia.

Mti una matawi, recur ina njia moja. Jiite kwa jina bila wasiwasi, folda haziendi chini kiasi cha kumaliza steki. Au tumia file-seq, inayopita folda na vilivyomo, ipo tayari.

– Mimi natumia uvivu na memori bado inajaa, mwalimu.

Mfululizo umeupa jina kwa def, sivyo? Jina hilo limeshika kichwa, yaani mwanzo wa mfululizo, kwa hiyo hakuna kinachoachiwa. Toa def, upeleke moja kwa moja kwenye reduce.