Namna ya Kusikiliza Kwaya na Kinanda cha Kanisa, Ibadani na Kwenye Santuri za Zamani

Msikilizaji aliyekulia kwenye kwaya za Afrika Mashariki, ambako sauti ya kwanza hadi ya nne zinafahamika kwa kila aliyewahi kuhudhuria mazoezi, hana sababu ya kuogopa muziki wa makanisa makuu ya Uingereza. Hata hivyo, masikio yake yatahitaji kuzoea jambo moja, nalo ni kwamba huko jengo lenyewe huhesabiwa miongoni mwa waimbaji. Sauti ikishatoka kinywani au kwenye bomba la kinanda, hupanda hadi kwenye matao ya mawe na kurudi ikiwa imechanganyika na zile zilizoitangulia. Katika Kanisa Kuu la St Paul's, London, mwangwi huo hudumu kwa takriban sekunde 9. Walimu wa kwaya hupanga mwendo na vituo vyao kwa kuufuata, na kwa hiyo anayetaka kuufurahia muziki huu, awe amekaa kanisani au amefungulia santuri ya mwaka 1927, na ausikilize ukumbi pamoja na waimbaji.

Pa kuanzia ni Ibada ya Jioni ya kuimbwa, ambayo makanisa makuu mengi ya Kianglikana huifanya siku kadhaa za wiki, mara nyingi saa kumi na moja au saa kumi na moja na nusu jioni. Kuingia ni bure, hata katika makanisa kama Westminster Abbey ambako watalii hulipa kiingilio mchana, na ibada nzima haizidi saa moja. Kabla ya kupanga safari, tazama ratiba ya kanisa husika, kwa kuwa watoto wanaoimba sauti ya kwanza ni wanafunzi na huenda likizo kama wenzao. Mwezi Agosti, kwa mfano, mara nyingi utakuta kwaya ya wageni badala ya kwaya ya kanisa. Fika mapema, kisha umwombe mhudumu wa mlangoni akuelekeze kwenye viti vilivyo karibu na kwaya, kwa sababu ukikaa nyuma kabisa mwangwi humeza maneno.

Waimbaji hugawanywa katika pande mbili zinazotazamana, upande wa kusini na upande wa kaskazini. Kwa maoni yangu, faida ya mpangilio huo huonekana zaidi katika Zaburi, sehemu ambayo wageni wengi huivumilia tu wakisubiri wimbo mkubwa. Zaburi huimbwa kwa ghani fupi inayorudiwa, upande mmoja ukichukua mstari na wa pili ukijibu, na maneno hayalazimishwi kufuata mapigo bali hutamkwa kwa mwendo wa usemi wa kawaida. Sikiliza kituo kilicho katikati ya kila mstari: kwaya nzuri huvuta pumzi hapo kwa pamoja, ikiuacha mwangwi upungue kabla ya kuendelea. Kisha sikiliza anachofanya mpiga kinanda wakati huohuo, maana ana ruhusa ya kuyachorea maneno picha. Radi ikitajwa utasikia ngurumo chini ya miguu yako, na ndege wakitajwa, filimbi ndogo zitalia juu.

Baada ya Zaburi huja masomo mawili, la kwanza likifuatwa na Wimbo wa Mariamu na la pili na Wimbo wa Simeoni, halafu baadaye wimbo maalumu wa kwaya. Sauti ya pili mara nyingi huimbwa na wanaume wazima wanaotumia sauti ya juu, jambo linaloweza kumshangaza aliyezoea kuwasikia akina mama katika nafasi hiyo. Sauti ya kwanza ilikuwa ya wavulana peke yao karibu kila mahali kwa karne nyingi, mpaka Kanisa Kuu la Salisbury lilipoanzisha kwaya ya wasichana mwaka 1991, na mengine yakafuata. Hakuna makofi wala vigelegele, na sehemu kubwa ya ibada waumini hawaimbi, kwa hiyo usione ukimya wa jirani yako ukadhani hajafurahi.

Kinanda nacho kinahitaji maelezo kidogo. Kila safu ya mabomba ina sauti yake, na mpigaji huvuta vifundo ili kuruhusu upepo uingie katika safu anazozitaka. Urefu wa bomba ndio unaoamua kina cha sauti: bomba la futi 8 hutoa sauti nzito ambayo mwimbaji wa besi huifikia kwa shida, ilhali lile la futi 32, karibu mita 10, hutoa mitikisiko kama 16 kwa sekunde, ambayo huhisiwa kwenye benchi na kifuani kuliko inavyosikika. Anza kufuatilia sauti za chini zinazopigwa kwa miguu, ndipo upande juu. Ibada ikiisha usitoke, kwani kipande cha kufungia ndicho nafasi ya kukisikia kinanda kikifunguliwa chote.

Kuhusu santuri za zamani, mpaka mkubwa ni mwaka 1925, ulipoanza urekodi wa kutumia maikrofoni. Kabla ya hapo waimbaji walijibana mbele ya pembe ya bati, na kinanda cha mabomba kilikuwa karibu hakirekodiki. Rekodi za Alessandro Moreschi, mwimbaji wa kwaya ya Sistina, kikanisa cha Papa, aliyerekodiwa Roma mwaka 1902 na 1904, ni hazina ya kihistoria, lakini simshauri anayeanza aanzie hapo, kwa kuwa ukumbi hausikiki kabisa.

Afadhali aanze na rekodi ya Temple Church, London, ya Machi 1927, ambamo Ernest Lough, mvulana wa miaka 15, anaimba muziki wa mtunzi Mendelssohn huku George Thalben-Ball akipiga kinanda. Sahani hiyo iliuzwa mno hata kiolezo chake, yaani sahani mama ya kutolea nakala, kikachakaa, ikabidi warekodi upya mwaka 1928, na nakala zinazosambaa leo zinaweza kuwa ya kwanza au ya pili. Kinanda unachokisikia humo hakipo tena, kwani kiliteketea katika mashambulizi ya anga ya Mei 1941. Mashambulizi kama hayo yalikuwa yameharibu mwaka 1940 kinanda cha kanisa la All Hallows by the Tower, London, ambacho Albert Schweitzer, daktari mmishonari na mpiga kinanda, alikitumia kurekodi kazi za mtunzi Bach mwaka 1935. Daktari huyo alikuwa akijifua huko Lambaréné, Gabon, kwa piano yenye pedali za kinanda, iliyotengenezwa kwa namna ya kuhimili unyevu wa tropiki.

Unapochagua nakala ya kidijitali, usikimbilie ile isiyo na mikwaruzo hata kidogo. Anayesafisha kupita kiasi huondoa pia herufi «s» za waimbaji, filimbi za juu na mkia wa mwangwi, ilhali mikwaruzo masikio huizoea baada ya dakika chache. Ukisikia muziki umekatika ghafla, huenda ni mwisho wa upande, maana sahani ya inchi 12 ilibeba takriban dakika 4 au 5 tu. Rekodi za stereo zilizoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1950, kama zile za King's College, Cambridge, chini ya David Willcocks, zisikilize kwa hedifoni ili uzisikie pande mbili za kwaya zikijibizana kushoto na kulia. Aliye mbali na makanisa hayo anaweza kufuata matangazo ya Ibada ya Jioni ambayo BBC iliyaanza mwaka 1926, au ibada ambazo makanisa kadhaa huzirusha yenyewe kwenye intaneti, mradi asitegemee spika ya simu, kwa sababu karibu sauti zote za miguu hupotea humo.