Dawa ya boti ya Pemba: ipi, na umeze saa ngapi

Kila siku ya boti ya Pemba, alfajiri, hakosi mtu wa kunigongea duka. "Dokta, nipe dawa ya kutapika." Mimi si daktari, ni muuza dawa niliyeisomea kazi yangu, lakini hapa Unguja ukishakaa nyuma ya kabati la vioo basi ni dokta. Nami humuuliza: unataka utapike, au usitapike? Watu hucheka. Mimi huwa sichekeshi. Dawa ya kutapisha na dawa ya kuzuia kutapika kwetu zina jina moja, na hata hizo za kuzuia hazifanani kazi.

Hilo nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Kabla sijaenda chuoni nilikuwa namsaidia kaka yangu dukani. Mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka 14, alikuwa anakwenda Mkoani, bandari ya Pemba, kwa bibi yake, nikampa metoklopramidi kwa kuwa niliijua ni dawa ya kichefuchefu. Kimoja usiku, kimoja asubuhi. Boti ilipoingia mkondo wa Nungwi akatapika kama wenziwe wote. Walipoteremka, shingo ikampinda upande, macho yakageuka juu, taya likakaza. Pale bandarini watu wakasema mtoto kapandisha, na bibi mmoja akaanza kumsomea. Hospitali muuguzi aliuliza swali moja tu: kameza nini? Akapigwa sindano, na haikutimia nusu saa shingo ikarudi. Sindano yenyewe ilikuwa promethazini, dawa ambayo ningempa tangu mwanzo ingemfikisha salama.

Kwa hiyo kwanza ujue kigegezi cha bahari kinatoka wapi. Hakianzii tumboni, kinaanzia ndani ya sikio. Sikio linauambia ubongo tunayumba, na macho yaliyokodolea kiti cha mbele au simu yanasema tumetulia. Ubongo ukipata habari mbili zinazogombana, tumbo ndilo linaloadhibiwa. Metoklopramidi husukuma tumbo lishushe chakula na kutuliza sehemu nyingine ya ubongo; vita vya sikio na macho haivijui. Na kupinda shingo huko huwapata zaidi watoto na vijana, hasa wasichana. Ondansetroni nayo ni dawa nzuri sana kwa mgonjwa anayetibiwa saratani, lakini baharini haina msaada mkubwa. Wapo wanaoitaka kwa sababu bei yake iko juu. Bei si kipimo.

Zinazofaa kwa boti ni za ukoo wa dawa za mafua na muwasho. Mimi hutoa mbili. Promethazini, kidonge cha miligramu 25: mtu mzima anameza kimoja usiku wa kuamkia safari, wakati wa kulala, na akihitaji anarudia asubuhi. Sinarizini: hii humezwa kiasi cha saa mbili kabla ya kuondoka, na usingizi wake ni mwepesi kidogo. Boti ikiwa ya saa moja asubuhi, anayekuja kwangu saa moja kasorobo kachelewa. Namuuzia, lakini namwambia wazi. Na ukishaanza kutapika ndani ya boti usihangaike na kidonge, kitatoka na chai.

Promethazini inalaza hasa. Ukiteremka Mkoani ukapanda pikipiki, panda nyuma. Usiendeshe siku hiyo. Usichanganye na pombe wala dawa nyingine ya usingizi. Mzee mwenye tezi dume inaweza kumfunga mkojo, na mwenye presha ya macho naye aulize kwanza. Mtoto wa chini ya miaka miwili hapewi kabisa, inaweza kumzuia kupumua. Mkubwa kidogo, nitajie umri na uzito wake. Tafadhali usimkatie nusu ya kidonge chako kwa kukisia.

Mengine ni ya kawaida. Kaa katikati ya boti, chini, upate dirisha uangalie pale bahari inapokutana na mbingu. Kula kidogo, boflo na chai ya tangawizi. Biriani la kuagana liache. Limau la kunusa halina ubaya. Miezi ya kusi usijidai baharia.

Sasa, wapo wasiokwenda Pemba na wanataka dawa hiyo hiyo. Mama mwenye mtoto anayeharisha na kutapika, mimi humrudisha nyumbani na pakiti za chumvichumvi: pakiti moja, lita moja ya maji safi, anyweshwe kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, halafu uendelee polepole zaidi. Akitapika kila kitu, au akilegea, hospitali. Mwenye dawa mseto ya malaria akiitapika ndani ya saa moja, arudie dozi ile. Akiitapika tena, aende akapimwe, asije kwangu kutafuta cha kumzuia. Aliyeanguka akaumia kichwa kisha anatapika, simuuzii chochote, namtafutia gari.

Mjamzito naye simpi kitu bila kuandikiwa. Si ukali. Kuanzia 1957 talidomaidi iliuzwa Ujerumani na nchi nyingine nyingi, na wajawazito wakaimeza kwa kichefuchefu cha asubuhi. Ilipoondolewa sokoni kule Ujerumani mwaka 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na mikono na miguu mifupi, au hawana kabisa. Zipo dawa za mimba zilizo salama, ila klinikini ndiko wanakojua mimba ina miezi mingapi na mama ana nini kingine.

Imebaki ile ya kutapisha. Siuzi. Zamani Marekani watu walihimizwa kuweka nyumbani dawa ya maji ya ipekaki ili mtoto akimeza sumu atapishwe. Mwaka 2003 madaktari wa watoto wa huko wakasema isitumike tena nyumbani. Kwetu ipekaki ni maji ya chumvi, kidole kooni, au bilauri ya maziwa, na mara nyingi kisa ni mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa ya soda. Mtoto huyo usimtapishe. Mafuta ya taa yakiwa tumboni hatari yake ni ndogo kuliko yakipanda na kuingia mapafuni, na kutapika ndiko kunakoyaingiza huko. Maziwa humwongezea kutapika. Dawa ya kusafishia choo huunguza koo ikishuka, na huliunguza mara ya pili ikipanda. Maji ya chumvi kwa mtoto mdogo ni sumu juu ya sumu.

Mvue nguo zilizomwagikiwa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, umkalishe wima, umpeleke hospitali hapo hapo hata kama anacheza, maana kikohozi huweza kuanza baada ya saa kadhaa. Na ile chupa ya soda ichukue, mfuniko umeukaza.