Canon M50 iliyotumika: kuikagua na kuiseti kwa ajili ya harusi

Wanaoanza kazi wananiuliza sana kuhusu kamera ya Canon EOS M50, ile ya 2018. Mi nimepigia harusi na sendofu misimu mitatu na bado naipenda, ila ina sehemu zake, usipozijua itakuangusha ukumbini.

Hatua ya 1: Kabla hujalipa, fungua skrini ya pembeni uizungushe mara kadhaa uone kama picha inakatakata, afu chomeka maiki urekodi sauti yako. Tundu la hedifoni haina, kwahiyo irudie uisikilize hapohapo.

Hatua ya 2: Kwenye menyu ya video weka PAL (mfumo wa video unaoendana na umeme wa 50 Hz), 1080, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Umeme wetu ni wa 50 Hz, ukiweka 1/60 taa za ukumbi zinaweza kukupigia mistari.

Hatua ya 3: Achana na 4K. Najua ndo iliyokuvutia, lakini kwenye 4K picha inakatwa pembeni sana, ile lenzi yako ya 15mm inakuwa kama umesogea mbele hatua kadhaa wakati nyuma yako kuna ukuta, na Dual Pixel, ile fokasi ya Canon ya kujishika yenyewe haraka, inazimika. Mama wa bibi harusi anaingia anacheza na kitenge begani, kamera inavuta mbele inarudi nyuma kumtafuta, ile sekunde imeshapita jamani. Kwenye 1080 inamshika uso toka mlangoni mpaka anafika meza kuu.

Hatua ya 4: Hela iende kwenye lenzi. Ile 15-45mm inayokuja nayo ukiivuta mwisho ni f/6.3, yaani inapitisha mwanga kidogo, DJ akipunguza taa ISO (kamera kujiongezea mwanga yenyewe) inapanda na ngozi za watu zinajaa chenga. Tafuta adapta ya lenzi za EF, zile za DSLR za Canon, ufunge 50mm f/1.8 STM, inaingiza mwanga zaidi ya mara 10 ya ile. Lenzi za EF-M, zile za familia hii ya M, usijaze begi, Canon wameshaachana na mfumo huo, ila hizi za EF utahamia nazo kwenye kamera mpya za Canon za R, kwa adapta yake.

Hatua ya 5: Betri tatu, sio pungufu. Betri yake, LP-E12, imekadiriwa picha 235 hivi, na kwa yuesibii haichaji, so beba chaja. Halafu rekodi inajikata ikifika dakika 29 na sekunde 59, kwahiyo padri akimaliza mahubiri tu, kata mwenyewe uanze upya kabla ya viapo.